Kuchagua sensa ya oksijeni ya waidibendi kwa kutuni pikipiki: anza na ekzosi na umeme, saa ije mwisho

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Swali la seti ipi ya waidibendi (sensa ya oksijeni inayopima moshi wa ekzosi ili kuonyesha uwiano wa hewa na mafuta) inayofaa kwa pikipiki huulizwa mara kwa mara, na karibu kila mara majibu huanza na saa ya kutazamia namba zake: hii ina tarakimu kubwa, ile inabadilika rangi. Nafungua uzi huu kwa sababu naamini mpangilio huo umepinduliwa. Kwenye pikipiki, jambo la kwanza kuamua ni mahali sensa itakapokaa kwenye ekzosi, la pili ni umeme ambao pikipiki yako inaweza kuutoa bila kuchosha betri, la tatu ni namna utakavyorekodi vipimo ukiwa barabarani, na saa yenyewe hufuata baada ya hayo yote. Gari husamehe makosa mengi ya ufungaji kwa kuwa ekzosi yake ni ndefu na jenereta yake ni kubwa, lakini pikipiki haina nafasi hiyo.

Nilijifunza hili kwa gharama. Pikipiki yangu ya silinda moja yenye kabureta ilikuwa imebadilishwa kichujio cha hewa na ekzosi, na ile ekzosi mpya ilikuwa fupi na wazi. Nikanunua saa nzuri, nikachomelea nati ya sensa mahali paliponirahisishia kupitisha waya, yaani karibu na mwisho wa bomba. Pikipiki ikiwa imesimama na injini ikiunguruma kwenye mzunguko wa chini, saa ilisoma 16 na zaidi, yaani sehemu 16 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta kwa uzito, ishara ya mchanganyiko mwepesi (wenye mafuta machache) kupita kiasi. Nikaongeza jeti ndogo (kitundu cha kabureta kinachopima mafuta ya mzunguko wa chini). Ikasoma vilevile. Nikaongeza tena, na safari hii plagi ikatoka nyeusi tii, injini ikaanza kukohoa, huku saa ikiendelea kuniambia kwamba mafuta ni machache. Ukweli ni kwamba kati ya mpigo mmoja wa moshi na unaofuata, hewa ya nje ilikuwa ikivutwa kurudi ndani kupitia mdomo wa bomba na kuifikia sensa. Nilipohamisha nati kuelekea injini, jeti zilezile, bila kugusa kitu kingine chochote, zilisoma 11.8. Saa haikuwa na kosa lolote wakati wote huo. Ilikuwa ikipima kwa uaminifu gesi isiyo sahihi.

Kabla ya kuendelea, ni vizuri tuelewane kuhusu kinachopimwa. Sensa ya kawaida ya oksijeni, ile tunayoiita nyembamba kwa kuwa masafa ya kipimo chake ni finyu, iliyoanza kutumika kwenye magari ya Volvo mwaka 1976 ikitengenezwa na Bosch, ni kipande cha kauri ya zirkonia kinachotoa volti kutokana na tofauti ya oksijeni kati ya moshi na hewa ya nje. Mchanganyiko ukiwa mzito hutoa takriban volti 0.9, ukiwa mwepesi hushuka hadi karibu 0.1, na mpito kati ya hali hizo mbili hutokea ghafla pale tu mafuta na hewa vinapolingana kikamilifu. Kwa hiyo inajua upande uliopo, ila haijui umeenda mbali kiasi gani. Mtu anayetaka kujua kama injini yake chini ya mzigo iko kwenye 12.5 au 13.5 hawezi kupata jibu la kutegemewa kutoka kwenye sensa hiyo, hata akiiunganisha na saa ya bei kubwa kiasi gani.

Waidibendi huongeza seli ya pili, ambayo ni pampu ya oksijeni. Katikati ya seli hizo mbili kuna chumba kidogo sana kinachopokea moshi, na kidhibiti cha nje (kisanduku cha elektroniki kinachoendesha sensa) husukuma oksijeni kuingia au kutoka ndani ya chumba hicho ili seli ya kwanza ibaki daima kwenye milivolti 450. Mkondo wa umeme unaohitajika kufanya kazi hiyo, pamoja na mwelekeo wake, ndio kipimo chenyewe. Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalizingatii: sensa peke yake haitoi jibu. Jibu linatengenezwa na kidhibiti, na kidhibiti kibovu huharibu kipimo cha sensa nzuri.

Vilevile sensa haijui namba kama 14.7. Inachofahamu ni lamda, yaani uwiano uliopo ukigawanywa kwa uwiano kamili wa uchomaji, ambapo lamda 1 ni ulinganifu, chini yake ni mzito na juu yake ni mwepesi. Saa huchukua lamda na kuizidisha kwa namba ya mafuta iliyowekwa ndani yake. Kwa petroli tupu namba hiyo ni 14.7, kwa petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli ni kama 14.1, na kwa ethanoli tupu ni karibu 9. Lamda 0.87 itaonekana kama 12.8 kwenye saa iliyowekwa kwa petroli tupu, hata kama tangi lina mchanganyiko wa ethanoli ambao uwiano wake halisi ni takriban 12.3. Nawashauri mzoee kusoma lamda. Itawaondolea mabishano yasiyo na mwisho na watu wanaotumia mafuta tofauti na yenu.

Sasa sensa zenyewe. Zinazotawala ni za Bosch, LSU 4.2 na LSU 4.9, halafu kuna za NTK, ambalo ni jina la sensa za watengenezaji walewale wa plagi za NGK. Kati ya zile mbili za Bosch mimi sisiti kuchagua 4.9. Ile 4.2 hutegemea hewa safi ya nje kama rejea, hewa inayopenya hadi ndani ya sensa, na rejea hiyo ikichafuliwa na mvuke wa mafuta au moshi unaovuja, kipimo husogea polepole bila kutoa taarifa. Katika 4.9 rejea hutengenezwa ndani ya sensa kwa kusukuma oksijeni kutoka kwenye moshi wenyewe. Kwenye pikipiki, ambako sensa inakaa karibu na injini, tope, maji na mvuke wa tangi, tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko ilivyo kwenye gari. Msidhani kwamba zinabadilishana: kidhibiti kilichotengenezewa 4.2 hakisomi 4.9 kwa usahihi isipokuwa kama kimeundwa kukubali zote mbili, maana hata joto linalolengwa ndani ya sensa ni tofauti, nyuzi 750 kwa moja na 780 kwa nyingine.

Sensa ya 4.9 inayotumiwa na vidhibiti vingi vya kununua ni ile yenye namba 0 258 017 025. Iandikeni mahali, kwa sababu sensa bandia zimejaa sokoni, na sensa bandia haifi siku ya kwanza: inasoma vizuri kwa siku kadhaa, kisha inaanza kudanganya. Jambo jingine, msikate plagi ya waya ya sensa ili kurefusha nyaya. Sensa ina nyaya tano, lakini plagi ina pini sita, na ndani ya plagi hiyo kuna kizuizi kidogo cha umeme kilichopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyohiyo. Ukikikata umetupa vipimo vya kiwandani. Kama waya ni mfupi, tumia kebo ya kurefushia yenye plagi zinazolingana.

Nirudi kwenye ekzosi, kwa sababu hapa ndipo kazi inapoharibika. Nati ya kuchomelea ina uzi wa milimita 18 wenye hatua ya 1.5. Pikipiki nyingi zenye sensa nyembamba ya kiwandani hutumia tundu dogo zaidi, mara nyingi la milimita 12, kwa hiyo msitarajie kufungua ile ya zamani na kuingiza hii mpya. Sensa ikae upande wa juu wa bomba, ncha ikielekea chini, ikiwa imeinuka angalau nyuzi 10 kutoka mlalo. Sababu yake ni maji. Moshi unapopoa hutoa matone, na tone moja likigusa kauri iliyofikia joto la nyuzi mia saba na zaidi, kauri hiyo hupasuka na sensa imekwisha.

Umbali ni mvutano wa pande mbili. Ukikaribia sana valvu ya kutolea moshi, joto linaua: kwa 4.9 gesi haipaswi kuzidi nyuzi 930 kwa muda mrefu, na ile sehemu ya pembe sita inayoshikwa na spana isizidi takriban nyuzi 600. Ukienda mbali sana kuelekea mdomo wa bomba, unakutana na ile hewa iliyonipotosha mimi. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kutoka kwenye sensa hadi mdomo ulio wazi kuwe na umbali usiopungua mara kumi ya kipenyo cha bomba, na kwa bomba lenye mufla ya kawaida huchomelea mahali fulani kabla tu ya mufla kuanza. Kama bomba lako ni fupi kiasi kwamba hakuna mahali panapotimiza yote mawili, basi kubali mapema kwamba vipimo vya mzunguko wa chini havitakuwa na maana na utegemee vile vya mkono wa mafuta ukiwa umefunguka, ambapo msukumo wa moshi ni mkubwa na hewa haipati nafasi ya kurudi.

Na tafadhali, hakikisheni hakuna uvujaji. Tundu dogo kwenye kiungo cha bomba, ambalo hata sikio halilisikii, huvuta hewa kati ya mipigo na kuisogeza saa upande wa wepesi. Pikipiki zenye mfumo wa kupeleka hewa safi kwenye moshi kwa ajili ya kupunguza uchafu ni lazima mfumo huo uzibwe wakati wa kutuni, vinginevyo unapima hewa ambayo haikupita kwenye silinda kabisa.

Umeme nao una habari yake. Hita ya sensa huvuta kama ampea 2 hadi 3 inapopasha moto, kisha hutulia karibu na ampea 1. Kwenye pikipiki kubwa hilo si tatizo. Kwenye pikipiki ndogo yenye betri ya ampea-saa 4 au 5, ambayo regulata yake huipatia betri nusu tu ya mawimbi ya umeme wa koili, ampea hiyo moja inaweza kuwa ndiyo ziada yote iliyopo. Kipimo cha kuamua ni rahisi: washa injini, washa taa, unganisha sensa, iache dakika kumi kwenye mzunguko wa chini na uangalie volti za betri. Zikishuka polepole kuelekea 12 na chini yake, pikipiki haiwezi kubeba mzigo huo kwa kudumu. Njia ninayoitumia ni betri ya pembeni ya ampea-saa 7 ndani ya begi, ambayo hutosha kwa saa nne za kazi bila wasiwasi, mradi waya hasi wa betri hiyo uungwe na hasi ya pikipiki kama kuna taarifa yoyote inayopelekwa kwenye kompyuta ya injini au kwenye kirekodi kilichounganishwa na pikipiki.

Waya wa umeme utoke kwenye rilei inayowashwa na ufunguo, uwe na fyuzi yake ya ampea 5, na sensa isiachwe ndani ya ekzosi bila umeme huku injini ikifanya kazi. Sensa baridi ndani ya moshi wa moto hufunikwa na masizi na kufa. Ukimaliza kutuni na hutaki kuendelea nayo, ing'oe na uzibe tundu kwa boliti maalumu.

Kuhusu vidhibiti, nitasema kwa ufupi kuhusu vile ninavyovifahamu. Innovate LM-2 ni kifaa cha mkononi kinachorekodi kwenye kadi, na kinafaa kwa fundi anayetuni pikipiki tofauti tofauti bila kufunga chochote kwa kudumu. AEM X-Series ni saa na kidhibiti katika kitu kimoja, inatumia 4.9 na haihitaji kusawazishwa kwa hewa safi. Spartan za 14Point7 ni vidhibiti vidogo visivyo na saa, na kwa pikipiki udogo huo ni sifa kubwa, kwa kuwa vinaingia chini ya kiti na kupeleka taarifa kwenye kirekodi au kompyuta ya injini. Kwa pikipiki zenye injekta na Power Commander, kifaa cha Dynojet cha kurekebisha mafuta ya injekta, Dynojet wana Auto Tune inayochukua kipimo na kupendekeza marekebisho ya ramani ya mafuta, yaani jedwali linaloamua kiasi cha mafuta. Chaguo langu binafsi kwa pikipiki ya kabureta au ya injekta inayotuniwa kwa kompyuta ni kidhibiti kidogo kisicho na saa pamoja na kirekodi, kwa sababu sitaki mtu atazame namba kwenye kioo huku akiwa amefungua mkono wa mafuta wote barabarani. Hilo ni hatari, na wala halisaidii, kwa kuwa jicho haliwezi kuunganisha namba iliyopita na mzunguko wa injini uliokuwepo wakati huo.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante sana mkuu kwa uzi huu. Pikipiki yangu ina injekta na sensa nyembamba ya kiwandani. Nimeongeza kidhibiti cha waidibendi na kurekebisha ramani ya mafuta, lakini kila nikirekebisha eneo la mwendo wa kawaida, baada ya muda mfupi namba zinarudi 14.7. Je, kidhibiti kina hitilafu, au kuna kitu nimekosea?

Mwanzisha uzi

Ndugu, hakuna hitilafu hapo. Kompyuta ya injini bado inaisikiliza sensa yake nyembamba, na kazi iliyopewa ni kurudisha mchanganyiko kwenye lamda 1 katika mwendo wa taratibu. Wewe unaongeza mafuta, yenyewe inayapunguza, na kipimo chako kinakuonyesha matokeo ya mvutano huo. Zima kwanza utiifu huo kwenye kompyuta, kama programu yako inaruhusu, kisha upime. Baadhi ya vidhibiti vya waidibendi vina waya wa pili unaotoa volti 0 hadi 1 kwa kuigiza sensa nyembamba, na sehemu ya kugeukia inaweza kuhamishwa, kwa hiyo unaweza kuiambia kompyuta ya kiwandani ilenge lamda 0.96 badala ya 1. Ni njia nzuri kwa injini zinazopozwa kwa hewa, ambazo huchemka zikiendeshwa kwa muda mrefu kwenye lamda 1. Ila hakikisha unazima uigizaji huo, au unauelewa kikamilifu, kabla ya kuanza kusahihisha ramani.

Nikuongezee la pili, kwa kuwa kidhibiti chako kinapeleka volti kwenye kompyuta. Angalia waya wa hasi. Kwa AEM X-Series, mathalani, lamda hupelekwa kama volti 0.5 hadi 4.5 zikiwakilisha uwiano wa 8.5 hadi 18, na uwiano ni volti mara 2.375 ukijumlisha 7.3125. Tofauti ya volti 0.1 tu kati ya hasi ya kidhibiti na hasi ya kompyuta hukupotosha kwa 0.24, na hita inapovuta mkondo kupitia waya huohuo mwembamba, tofauti hiyo hutokea kirahisi. Hasi ya hita iende moja kwa moja kwenye betri, na hasi ya taarifa iende mahali kompyuta inapounga hasi za sensa zake. Kama kidhibiti na kompyuta vyote vinazungumza kwa njia ya kidijitali, tumia hiyo, na tatizo linaondoka lenyewe.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, mimi nina pikipiki ya silinda mbili zilizokaa kama herufi V, na mabomba yake yanaungana karibu na mufla. Nataka kununua sensa moja na kuiweka pale yanapoungana ili nipunguze gharama. Unaonaje? Pia nina rafiki mwenye pikipiki ya mipigo miwili ambaye anauliza kama anaweza kutumia seti hiyohiyo.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, sensa moja inatosha, lakini nati zisiwe moja. Kwenye injini ya V silinda ya mbele hupata upepo na ya nyuma hupata joto, njia zao za hewa hazilingani, na mara nyingi mahitaji yao ya mafuta hayafanani. Ukipima pale yanapoungana utasoma wastani: silinda moja ikiwa kwenye 12 na nyingine kwenye 14, saa itakuonyesha takriban 13 na utaondoka ukiwa umeridhika, huku silinda moja ikiungua kwa wepesi. Chomelea nati kwenye kila bomba kabla ya muungano, na nyingine moja baada yake kama nafasi ipo. Tuni silinda moja, hamisha sensa, tuni ya pili, na tundu lisilotumika lizibwe kwa boliti. Ni kazi ya jioni moja zaidi, na gharama ya nati ni ndogo mno ukilinganisha na pistoni.

Kuhusu mipigo miwili, mwambie rafiki yako asubiri na afikirie. Katika injini hiyo sehemu ya hewa mpya na mafuta hupita moja kwa moja kutoka kwenye milango ya kuingilia hadi kwenye ekzosi bila kuungua, hivyo oksijeni inayoifikia sensa haiwakilishi kilichoungua ndani ya silinda. Inaweza kumsaidia kulinganisha, yaani kama jeti mpya imeufanya mchanganyiko uwe mzito au mwepesi kuliko ile ya jana kwenye mzunguko uleule, ila asitumie namba yenyewe kama lengo. Na mafuta ya kulainishia yanayoungua pamoja na petroli hufupisha maisha ya sensa kwa kiasi kikubwa. Kwa injini hiyo bado naamini zaidi rangi ya plagi na kipimo cha joto la moshi.

Hata kwa mipigo minne, kumbuka kwamba sensa hupima oksijeni, haipimi mafuta. Silinda isiyowasha vizuri hutoa oksijeni yake yote bila kutumika, na saa inasoma wepesi. Hilo hutokea hata pale plagi ilipozama kwa mafuta mengi. Mtu asiyejua ataongeza mafuta juu ya mafuta, kama nilivyofanya mimi. Namba ya ghafla ya 17 au 18 katikati ya vipimo vizuri ichukuliwe kwanza kama shaka juu ya moto wa plagi.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuuliza kwa upande wa kabureta. Mimi sina kompyuta ya injini wala sensa ya mkono wa mafuta. Nikirekodi lamda peke yake nitajuaje ni jeti ipi ya kubadilisha? Na namba za kulenga ni zipi?

Mwanzisha uzi

Swali zuri, na kwa kweli kabureta ndiyo inayofaidika zaidi na kifaa hiki. Bandika utepe kwenye kifuniko cha mkono wa mafuta na mwingine kwenye mpini unaozunguka, kisha uweke alama za robo, nusu, robo tatu na wazi kabisa. Kuanzia kufungwa hadi karibu robo, anayeamua ni jeti ndogo na skrubu yake. Kutoka robo hadi robo tatu ni sindano, unene wake na klipu iliyokaa kwenye mfereji upi. Baada ya hapo ni jeti kubwa. Chagua barabara ndefu na tupu, shikilia alama moja kwa sekunde tano au sita bila kutikisika, kisha nenda alama inayofuata. Kirekodi kikikupa pia mzunguko wa injini kupitia waya unaozungushwa kwenye waya wa plagi, una kila unachohitaji.

Kushikilia huko kwa sekunde kadhaa kuna sababu. Moshi huchukua muda kufika kwenye sensa, na sensa nayo huchukua muda kujibu, kwa hiyo namba unayoiona sasa ni ya hali iliyokwisha kupita. Injini ya silinda moja kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika hutoa mipigo 10 tu ya moshi kwa sekunde, na ndiyo maana namba za mzunguko wa chini hurukaruka hata kila kitu kikiwa sawa. Tumia wastani. Vipimo vya wakati wa kubadilisha gia au kurudisha mkono wa mafuta ghafla vitupwe, havihusiki na jeti.

Malengo: mkono ukiwa wazi kabisa, lamda 0.85 hadi 0.90 ndipo nguvu ilipo kwa injini nyingi za petroli, na kwa injini inayopozwa kwa hewa mimi hubaki upande wa 0.85 kwa ajili ya joto. Mwendo wa kawaida uwe kati ya 0.95 na 1. Mzunguko wa chini, injini zenye kabureta hutulia vizuri karibu na 0.90 hadi 0.95, lakini hapo nasikiliza injini kuliko saa: skrubu inapofikia mahali mzunguko unapanda juu kabisa na sauti inalainika, naiacha hapo hata kama namba haijafika nilipotarajia.

Anza na jeti kubwa, ukiwa mzito kwa makusudi, ndipo ushuke. Injini nzito hukohoa, injini nyepesi chini ya mzigo hutoboa pistoni.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru mkuu, nimehamisha waya wa hasi na kweli namba zimesogea kwa 0.3. Swali la mwisho: nitajuaje kwamba sensa yangu bado ni nzima baada ya miezi kadhaa?

Mwanzisha uzi

Hongera kwa hilo. Ing'oe kwenye ekzosi, ipeleke nje mbali na moshi wowote, iwashe na uiache ipate joto kamili. Hewa ina asilimia 20.9 ya oksijeni, na kidhibiti chenye uwezo wa kuonyesha oksijeni kinapaswa kusoma hapo karibu sana. Kisicho na uwezo huo kitaonyesha mwisho wa kipimo chake upande wa wepesi. Kama kidhibiti chako ni cha aina inayohitaji kusawazishwa kwa hewa safi, fanya hivyo wakati huohuo, na usifanye kamwe ndani ya chumba ambacho injini ilikuwa ikiunguruma. Jaribio hili hugundua sensa iliyochoka upande wa wepesi. Kwa upande wa mzito, nina sensa ya pili ya akiba ambayo haijawahi kufanya kazi ya kila siku. Naifunga mara moja moja kwenye pikipiki ileile, kwenye alama ileile ya mkono wa mafuta, na nikiona tofauti inayozidi lamda 0.02, ile ya zamani naistaafisha.

Wauaji wakuu wa sensa ni petroli yenye risasi, gundi ya silikoni iliyopakwa kwenye viungo vya injini au ekzosi, mafuta ya injini yanayopita kwenye ringi zilizochoka, na kuachwa bila umeme. Kama umefungua injini hivi karibuni na fundi akapaka silikoni ya kawaida kwenye kiungo cha ekzosi, ondoa hiyo silikoni yote kabla hujairudisha sensa mahali pake.